Neno Nililoliondoa Katika Tangazo

 

Ndugu Waislamu, tangu nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa nimekaa juu ya mkeka nikisomesha watoto wa watu. Leo nimepita miaka sitini, na waliokuwa watoto mbele yangu wengine sasa wana wajukuu. Katika muda huo wote nimezoea kuwaonyesha wengine makosa yao. Leo nataka kueleza kosa langu mwenyewe. Sielezi ili nihurumiwe. Naeleza kwa sababu mlango nilioingilia mimi uko wazi mbele ya masheikh wengi, maalim wengi, na mama zetu wenye heshima mitaani, na wengi wanaingia hali ya kuwa hawajui wanaingia wapi.

Mlango huo ni kazi ya ofisi za matangazo, masoko na kujenga majina. Zamani sisi watu wa pwani tulimjua dalali. Dalali alisimama mnadani, samaki au jahazi au kanda la tende liko mbele yake, akapaza sauti, akasifu, akaapa. Mnunuzi alimsikiliza huku akitabasamu, kwani alijua kuwa dalali ni dalali, na kwamba ana fungu lake katika bei. Akitaka, aliinama akakinusa kitu chenyewe. Ofisi ninazozizungumzia hufanya kazi ile ile ya dalali, lakini dalali mwenyewe haonekani. Humtanguliza mtu mwingine ambaye umekwisha kumwamini kwa jambo jingine, ukadhani ni yeye anayesema nawe.

Haya hakunieleza adui wa kazi hiyo. Alinieleza kijana aliyesoma kwangu, akahitimu Juzuu Amma akiwa na miaka minane, kisha akenda Nairobi akasoma, na Mwenyezi Mungu akamruzuku kazi katika ofisi moja ya namna hiyo. Alinifahamisha taratibu yao ilivyo. Mwanzo huuliza. Huwakusanya watu wanane au kumi chumbani, wakawapa chai, wakawauliza wanapenda nini, wanaogopa nini, na wanamwamini nani. Kisha hukiundia kile kitu chapa yake, yaani jina na rangi na alama, hata mtoto asiyejua kusoma akikiona dukani akijue. Kisha hutafuta uso na sauti ya kukisemea. Kisha huandika maneno, wakayapeleka redioni, magazetini na katika simu za watu. Na ziko habari ambazo huziandika wao wenyewe, wakampelekea mwandishi wa gazeti, naye akazitoa kama zilivyo. Msomaji akadhani mwandishi alikwenda akaona.

Mwaka 2016, katika mwezi wa Shaaban, kijana huyu alinijia nyumbani. Masika yalikuwa makali mwaka ule. Paa la chuo chetu lilikuwa la makuti yaliyokwisha kuoza, na watoto walikuwa wakisoma huku wamekunja mikeka upande mmoja kuikwepa mvua. Akabisha hodi, akaingia, akanibusu mkono, akaweka sahani ya haluwa, akakaa chini kama alivyokuwa akikaa zamani.

Akanambia, "Maalim, iko kampuni inauza viwanja, njia ya Malindi. Mtu analipa kidogo kidogo kila mwezi, hakuna riba. Tumewauliza watu wa mitaa hii wanamwamini nani, na jina lako limetajwa kuliko la mtu yeyote. Twataka uwaambie Waislamu kabla ya Ramadhani."

Nikamuuliza, "Ardhi hiyo, mwanangu, umeiona?"

Akasema, "Hati nimeziona, maalim."

Nikanyamaza. Akaongeza kuwa kampuni ile imesikia habari ya paa letu, nayo iko tayari kutoa shilingi 300,000 za mabati, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Nami, ndugu zangu, niliyatazama mawingu nje ya dirisha, nikasema inshallah.

Siku ya tatu nilikwenda wakanirekodi. Walitaka nivae kanzu, joho na kilemba, ijapokuwa tangazo kubwa lilikuwa la redioni, kwa sababu walitaka na picha ya kupeleka katika simu. Wakaniweka mbele ya kabati la vitabu. Vitabu vile havikuwa vyangu, na nilipovitazama niliona viwili vimesimamishwa kichwa chini. Maneno niliyaandika mwenyewe usiku uliotangulia, na yalianza hivi: nimeambiwa na wenye kampuni kwamba viwanja hivi ni vya halali, havina riba, na kila mlipaji atapata chake.

Nikasoma. Kijana mmoja aliyekuwa na vifaa vya kusikilizia masikioni akanambia kwa adabu sana, "Sheikh, maneno yamezidi. Sisi tuna sekunde thelathini tu. Tuliondoe lile la mwanzo, la kuambiwa. Maana ni ile ile."

Maana ni ile ile! Mimi ninayewafundisha watoto kwamba irabu moja hugeuza maana ya aya, nilimtazama kijana yule, nikamtazama mwanafunzi wangu, nikasoma mara ya pili bila ya neno lile. Viwanja hivi ni vya halali, havina riba, na kila mlipaji atapata chake. Zikatimia sekunde thelathini barabara. Wakanipongeza, wakanipa soda.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, kwani kosa lote liko mahali hapa. Wanavyuoni wa hadithi waliumaliza umri wao katika kutenganisha baina ya mtu anayesema nimemsikia fulani na mtu anayesema imepokewa kwa fulani. Huyu wa kwanza amebeba ushahidi wake mwenyewe. Huyu wa pili huenda baina yake na fulani kuna mtu mwingine, na huenda mtu huyo ni dhaifu. Mpokezi akiificha ile kamba ya katikati, akasema kwa namna ambayo msikilizaji atadhani amesikia mwenyewe, hali ya kuwa hakusikia, jambo hilo wamelipa jina: tadlisi. Na Imam Shu'ba bin al-Hajjaj, aliyekufa mwaka 160 Hijria, alilichukia mno jambo hilo hata akalihesabu kuwa ni ndugu wa uongo. Ajabu ni kuwa jina hilo hilo ndilo linalotumiwa na wanavyuoni wa fiqhi katika mlango wa biashara, kwa muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa yake. Kuficha ulikolitoa neno na kuficha aibu ya bidhaa, yote mawili huitwa tadlisi. Nami siku ile niliyakusanya pamoja katika sekunde thelathini.

Baada ya mambo kuharibika nilitaka kujua kazi hii imetoka wapi. Mjukuu wangu akanitafutia, nami nikasoma usiku baada ya usiku. Niliyoyasoma yalinifahamisha kuwa sikuwa wa kwanza kuazimwa.

Mmoja katika walioiasisi kazi hii Marekani ni mtu aliyeitwa Edward Bernays, aliyezaliwa Vienna mwaka 1891, mpwa wa Sigmund Freud, yule daktari mashuhuri wa mambo ya nafsi. Katika miaka ya 1920 kampuni moja ya kuuza nyama ya nguruwe ilitaka biashara yake iongezeke. Bernays hakuisifu nyama ile. Alipitia kwa daktari, daktari akawaandikia madaktari wenzake kuwauliza kama chakula kizito cha asubuhi ni bora kuliko chepesi. Wengi wakajibu kuwa kizito ni bora. Majibu hayo yakatolewa magazetini, na pembeni yake ikatajwa nyama ya nguruwe na mayai. Tazama hila hiyo: hakuna daktari aliyesema uongo, wala hakuna aliyejua kuwa anamuuzia mtu nguruwe. Kilichoazimwa ni imani ya mgonjwa kwa daktari wake.

Tarehe 31 Machi 1929, sikukuu ya Pasaka, katika maandamano ya mjini New York, wanawake waliopangwa na Bernays waliwasha sigara mbele ya wapiga picha. Zama hizo ilikuwa aibu kwa mwanamke kuvuta sigara barabarani. Magazeti yakaambiwa kuwa sigara zile ni mienge ya uhuru. Aliyekuwa akimlipa Bernays ni kampuni ya tumbaku iliyouza sigara za Lucky Strike. Wanawake wale walikuwa na dai la haki lililo kweli, na dai hilo likaazimwa na muuza sigara. Baadaye madhara ya tumbaku yalipodhihiri Bernays alisimama pamoja na wanaoipiga vita, naye akafa mwaka 1995. Lakini sigara iliyokwisha kuwashwa hairudi kuwa mpya.

La karibu na sisi zaidi ni lile la maziwa ya unga. Mwaka 1974 jumuiya ya Kiingereza iitwayo War on Want ilitoa kijitabu kilichoeleza jinsi kampuni za maziwa ya watoto zilivyokuwa zikiuza bidhaa zao katika nchi maskini. Baadhi ya kampuni zilitumia wanawake waliovaa nguo nyeupe mfano wa manesi, wakiwaendea kina mama waliojifungua. Mama maskini akiona nguo ile alisikiliza kama anayemsikiliza nesi. Kisha akenda nyumbani akakoroga unga kwa maji yasiyo safi, na unga ulipokuwa ukikaribia kwisha akauzidishia maji ili umfikishe mwisho wa mwezi. Hali ya kuwa sisi tumesoma katika Sura ya Baqara juu ya kunyonyesha miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza. Mambo yalifika hata mwezi wa Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ukapitisha kanuni za kuzuia uuzaji wa namna hiyo, kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ilikuwa ya Marekani. Niliposoma habari ya zile nguo nyeupe, nilikitazama kilemba changu kilichotundikwa ukutani.

Na la nne limewapata Waislamu wenyewe. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraq yaliingia Kuwait, na hiyo hapana shaka ilikuwa dhulma. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo msichana wa miaka kumi na mitano, aliyetajwa kwa jina la Nayirah tu, alikaa mbele ya wajumbe wa bunge la Marekani akalia, akasema aliwaona kwa macho yake askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za kuwatunzia hospitalini na kuwaacha sakafuni wafe. Dunia ikalia pamoja naye, na Rais wa Marekani akaitaja habari hiyo tena na tena. Mwezi wa Januari 1991 vita vikaanza. Mwezi wa Januari 1992 mwandishi John MacArthur akafichua katika gazeti la New York Times kuwa msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington. Ikajulikana kuwa kampuni ya uhusiano wa umma, Hill and Knowlton, ndiyo iliyosimamia shughuli ile, kwa malipo yaliyozidi dola milioni 10, karibu zote kutoka serikali ya Kuwait. Amnesty International, ambayo mwanzo iliisadiki habari ya watoto wale, ilisema mwaka 1991 kuwa haikupata ushahidi wa kutegemewa. Sasa jiulize: Kuwait ilikuwa imedhulumiwa kweli, basi ilikuwa na haja gani ya machozi ya kupangwa? Sura ya Hujurat imetuamuru kuzichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu bila ya kujua. Aliyesikia habari ile hakupata nafasi ya kumjua aliyeileta, kwani jina la babake lilifichwa. Hiyo ndiyo kamba ya katikati iliyokatwa.

Narudi kwenye kisa changu.

Mabati yalikuja, paa likaezekwa kabla ya Ramadhani, na sauti yangu ikasikika redioni kila siku kabla ya adhana ya Magharibi. Watu walinipongeza njiani. Sitaficha kuwa nilifurahi.

Yuko mama mmoja mjane, anauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni, jirani na msikiti wetu. Mjukuu wake anasoma kwangu. Mwezi wa Machi 2017 alinijia akiwa na risiti zake ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa vizuri, kumi kwa idadi. Alikuwa amelipa shilingi 4,500 kila mwezi. Hakuja kushtaki, kwani alikuwa hajui lolote. Alikaa, akaniamkia, akasema:

"Maalim, nataka nimpeleke mjukuu wangu akakione kiwanja chetu. Nimekujia unielekeze. Kiko upande wa barabarani au wa baharini?"

Nikamwambia, "Bibi, mimi sikukiona."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini ulisema."

Hakuongeza neno. Akazikunja risiti zake, akazirudisha mfukoni, akaniaga kwa heshima ile ile aliyoingia nayo. Wallahi angenitukana ingekuwa nafuu kwangu.

Nilimwita yule mwanafunzi wangu, akaja kutoka Nairobi, tukapanda gari tukaenda kuiona ardhi. Tulikuta watu wanalima mihogo. Kulikuwa na mikanju na visima na makaburi. Mzee mmoja wa makamo yangu alitukaribisha chini ya mti, akatuangulia madafu. Niliposema nimekuja kuuliza habari ya viwanja, aliinua kichwa.

"Sauti hii naijua," akasema. "Wewe ndiye uliyepauza hapa petu redioni."

Akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye kaburi la babake, akanionyesha na la babu yake. Hakunambia kitu, wala sikuwa na la kumwambia. Nilimwombea dua marehemu, nikarudi garini.

Ikabainika kuwa ardhi ile ilikuwa na mgogoro wa miaka mingi, na kampuni iliuza kabla mgogoro haujamalizika. Muda si muda ofisi yao ikafungwa na simu zao zikawa hazipokelewi. Njiani mwanafunzi wangu alinambia kwa sauti ya chini, "Maalim, sisi tulitangaza tu."

Nikamjibu, "Na mimi nilisoma tu." Tukanyamaza sote wawili hadi mjini.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Rajab mwaka ule, 1438, baada ya Swala nilisimama. Nikawaambia watu kuwa nilishuhudia nisichokiona, na nikawataka wale walionunua kwa sababu ya sauti yangu waje kwangu. Walikuja kumi na saba. Kisha nikenda redioni kuomba wanitangazie masahihisho. Wakanambia kwa upole kuwa muda wa redio huuzwa. Nikanunua sekunde thelathini, kwa bei ile ile iliyolipiwa zile za kwanza, na safari hii nilianza na neno nililokuwa nimeliondoa: niliambiwa, wala sikuona. Lakini zile za kwanza zilisikika mwezi mzima, na zangu zilisikika siku mbili, kwani huo ndio uliokuwa uwezo wangu.

Mwenzangu mmoja katika wanavyuoni alinambia kuwa huenda sheria hainilazimishi kumlipa mtu, mwenye kudaiwa ni kampuni. Nikamwambia huenda ikawa hivyo, lakini yule mama hakuijua kampuni, alinijua mimi. Shilingi zake 45,000 tulimrudishia kidogo kidogo kwa muda wa mwaka na nusu, nusu mimi na nusu yule mwanafunzi wangu. Katika wale wengine, wako waliosamehe, wako waliokwenda mahakamani, na wako ambao hadi leo sijawamalizia. Na wako wasionambia kitu, ila mkono wanaponipa siku hizi si ule wa zamani.

Basi, je, kazi hii ni haramu? Swali hili nimeulizwa na vijana wengi, kwani wengi sasa wanaajiriwa humo. Siwezi kusema kuwa kutangaza ni haramu. Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyosimulia Imam Muslim, alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikatoka na umaji. Mwenye nafaka akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Itazameni hekima iliyomo. Hakumkataza kuuza, wala hakumkataza kuita wanunuzi. Hata ile nafaka iliyorowa hakumwambia aitupe. Alichomtaka ni aiweke juu.

Na wako wasiokuwa Waislamu walioliweka juu lililorowa, nao tunawajibika kuwataja kwa haki. Mwaka 1982 mjini Chicago na vijiji vya pembeni yake watu saba walikufa kwa kumeza vidonge vya dawa ya maumivu iitwayo Tylenol, ambavyo mtu asiyejulikana alivitia sumu. Kosa halikuwa la kiwanda. Hata hivyo kampuni ya Johnson & Johnson, kwa kushauriana na watu wake wa uhusiano wa umma, iliwatangazia watu wasiitumie dawa yake yenyewe, ikarudisha chupa zipatazo milioni 31 kutoka madukani, kisha ikaleta chupa mpya ambazo mtu hawezi kuzifungua bila ya kuonekana alama. Ilipata hasara kubwa, na watu wakarudi kuiamini. Hiyo nayo ni kazi ya ofisi hizi, na inasomeshwa hadi leo. Jina lilijengwa kwa kitendo kwanza, maneno yakafuata.

Kwa hivyo nawausia ndugu zangu masheikh na maalim, na kila mwenye sauti inayosikilizwa mtaani, waulize mambo matatu kabla ya kukubali. La kwanza, nani anayelipa, na je, jina lake litatajwa? Akikataa kutajwa, ujue kuna kamba inayokatwa. La pili, je, nimeona au nimeambiwa? Ikiwa umeambiwa, basi neno hilo lisiondoke hata kama sekunde zimekwisha. Afadhali liondoke tangazo zima. La tatu, je, lililorowa likiwekwa juu, kitu hiki kitanunuliwa? Ikiwa hakitanunuliwa, basi wanachokinunua kwako si sauti, ni dini yako.

Na nyinyi vijana mnaofanya kazi hiyo, msiikimbie kwa sababu ya kisa changu. Wanaohitaji kazi yenu ni wengi: mvuvi mwenye samaki safi asiyejulikana, mama mshonaji kofia, hospitali inayotaka watoto wachanjwe. Lakini kumbukeni kuwa mnachokiazima kutoka kwa watu ni amana, na amana hurudishwa ikiwa nzima. Yule mwanafunzi wangu bado yumo katika kazi ile. Amenambia kuwa sasa hakubali kutangaza ardhi mpaka aikanyage kwa miguu yake, na kwamba kwa sharti hilo amekosa wateja wawili. Nilimuombea dua kwa ajili ya hao wawili kuliko ninavyomuombea kwa wote aliowapata.

Na wazazi, wafundisheni watoto wenu kulisikiliza tangazo kama sisi tunavyoisikiliza hadithi: nani kasema, kapokea kwa nani, na nani yuko nyuma yake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulifahamu hilo. Mimi nililisomesha miaka arubaini, na siku nilipolihitaji nilikunywa soda.

Paa lile la mabati bado lipo juu ya chuo chetu. Nilitaka kuling'oa, wenzangu wakanikataza, wakasema watoto hawana kosa. Mvua ikinyesha hupiga kelele nyingi, na watoto hulazimika kupaza sauti ili niwasikie wanaposoma. Mjukuu wa yule mama anakaa safu ya mbele, na kila akikosea irabu namrudisha nyuma aanze tena, naye huanza tena bila ya kulalamika.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kuyaona, atupe uwezo wa kuwalipa tuliowakosea kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu, na azifanye ndimi zetu ziwe mashahidi wa haki. Amin.